Siku Niliyomfungia Kifungua Mimba Wangu

Mwanangu alikuwa na miezi minane na nilikuwa na hasira naye. Najua watu hawapendi mama aseme hivyo, lakini nimeshasema. Alinyonya kama mtu anayelipiza kisasi. Nilikuwa na hasira na mume wangu pia, kwa sababu yeye alilala usingizi mzuri, na zaidi ya wote nilikuwa na hasira na baba yangu kwa ajili ya barua yake.

Barua ililetwa na mwanamke aliyekuja na vitunguu kutoka Mbale. Ilikuwa fupi: "Harusi ya shangazi ni usiku mwezi ukijaa. Usimsahau yule wa kwanza, mchana wa kuamkia harusi. Lakini wewe unanyonyesha, kwa hiyo ule."

Mume wangu aliisoma, akaikunja vizuri, akasema, "Huyu shangazi yako anaolewa kila mwaka. Waume zake wanakwenda wapi?"

Shangazi hakuwepo. Shangazi alikuwa Pasaka. Sisi ni watu wa kule milimani karibu na Mbale, wakulima wa kahawa na ndizi, ambao babu zetu waliisoma Biblia wakaishia kwenye vitabu vitano vya mwanzo, wakaona vinatosha, wakajiita Wayahudi. Baadaye mkubwa wa nchi akagombana na Waisraeli, akawafukuza, kisha na sisi, ambao hiyo Israeli tuliiona kwenye ramani ya shule tu, tukaambiwa dini yetu imefungwa. Nyumba ya sala ikatiwa kufuli. Watu wakaanza kusali vyumbani na kuandikiana barua za harusi.

Na "yule wa kwanza" alikuwa mwanangu, au tuseme saumu yake. Nieleze, maana hata kwetu si kila mtu anaijua. Usiku ule wa Misri wazaliwa wa kwanza wa Wamisri walikufa, na wa kwetu wakaachwa. Kwa hiyo mchana wa kuamkia Pasaka, kila mwanamume aliye wa kwanza kwao hali wala hanywi, tangu alfajiri mpaka giza liingie. Si saumu ya kulia. Ni ya kukumbuka kwamba kifo kilipita mlangoni na hakikuingia. Vitabu vile vitano haviitaji saumu hiyo, ni desturi iliyokuja nyuma. Baba aliipata kwa mhandisi mmoja wa Kiyahudi aliyekuja kupima barabara zamani, akamwachia kijitabu cha sheria. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alikinakili chote kwenye daftari la hesabu, kwa mwandiko ule wa ubaoni.

Daftari lile nalijua kwa moyo, hasa yale yaliyoniudhi. Mtoto akiwa mdogo hafungi mwenyewe, baba yake humfungia. Baba naye akiwa ni wa kwanza kwao, yeye hujifungia nafsi yake, na mama ndiye humfungia mtoto. Na mabinti? Daftari lilisema wako walimu waliosema binti wa kwanza naye afunge, kwa kuwa Misri hata mabinti walikufa, lakini desturi haikuwafuata hao.

Mimi ni wa kwanza kwetu. Kila mwaka asubuhi ya siku ile baba alikuwa na ujanja wake, ambao ni ujanja wa halali kabisa. Anayehudhuria karamu ya kumaliza kusoma kitabu kitakatifu anasamehewa saumu, maana huwezi kukaa kwenye furaha ya namna hiyo na tumbo tupu. Kwa hiyo baba alikuwa anaacha ukurasa wa mwisho wa kitabu makusudi, wiki nzima, wakati mwingine mwezi. Asubuhi ile anawakusanya wavulana wa kwanza wote wa jirani kwenye mkeka, anausoma ukurasa ule, anafunga kitabu, kisha wanakula mayai ya kuchemsha na viazi vitamu. Mimi niliwamiminia maji ya kunawa. Nilimiminia wavulana tisa, na nilipouliza yai langu liko wapi, baba alisema, "Wewe hukuwa umefungwa na saumu, sasa nikufungue nini?"

Nilipofika sekondari mwalimu wetu mmoja Mkenya alitufundisha neno kifungua mimba. Nililiandika mkononi kwa wino. Kifungua mimba, anayefungua. Halikusema mvulana wala msichana. Mama yangu nilimfungua mimi, na wale tisa kila mmoja alimfungua wake, basi tofauti yetu ilikuwa nini zaidi ya mayai?

Kwa hiyo barua ilipofika na kusema "wewe ule", mimi nikaamua sili. Nitamfungia mwanangu, maana baba yake si mtu wa dini yetu na sheria haimhusu, na nitajifungia mwenyewe pia, nafsi mbili kwa njaa moja. Nilijua kabisa kwamba daftari linamruhusu anayenyonyesha kula. Huo mstari niliuruka. Mtu mwenye hasira huruka mistari.

Tulikuwa tunakaa Nsambya, mjini Kampala, kwenye nyumba za polisi. Mume wangu alikuwa polisi wa bendi. Alipiga klarineti, na kazi yake kubwa ilikuwa kupiga nyimbo za mataifa ya wageni waliokuja kumsalimia mkubwa. Katika mlango wa pili alikaa jirani yangu, mama wa makamo kutoka kaskazini, mumewe ndiye aliyebeba ngoma kubwa ya bendi hiyohiyo. Mama huyo alizaa saba na alijiona ana haki juu ya maziwa ya kila mwanamke kwenye mstari wetu wa nyumba. Tangu nilipojifungua aliniletea uji wa wimbi kila asubuhi, bakuli limejaa hadi ukingoni, na alisimama hapo mlangoni mpaka nimalize. Sukari haikupatikana mjini, lakini uji wake ulikuwa na utamu, sijui aliutoa wapi. Wakati ule nilimwona ni mtu wa kuingilia mambo. Leo nikimkumbuka natamani nimwoshee miguu.

Asubuhi ile mume wangu alitoka mapema kwenda mazoezini. Mimi nilikuwa na kazi nyingine. Siku hiyohiyo ya saumu, ikifika saa nne, nyumba isiwe na mkate wala kitu chochote kilichochachuka. Nilikuwa na nusu mkate, na msomaji anayekumbuka miaka ile anajua nusu mkate ulikuwa nini. Nikaubeba nikampelekea jirani.

Aliugeuza, akaunusa. "Mama toto, mkate huu naharibika?"

"Haujaharibika."

"Sasa napa mimi bure? Wewe nagonjwa?"

"Siumwi. Chukua ule na watoto."

Alichukua, lakini alinikazia macho. Dakika kumi baadaye akaja na uji.

"Leo sinywi," nikasema. "Nimefunga."

"Nafunga? Ramadhani bado!"

"Najua."

"Ya Kwaresima?"

Wakatoliki walikuwa kwenye Kwaresima kweli, wiki za mwisho kabisa. Ningesema ndiyo, mambo yangeisha, angerudi na bakuli lake. Lakini mimi mdomo wangu hauna breki. Nikamwambia, "Nimefunga tu, mama. Yangu mwenyewe. Nenda zako na uji wako."

Mtoto alikuwa analia. Jirani alimtazama, akanitazama mimi, akatazama kifua changu kama fundi anayetazama bomba. Akaondoka.

Sasa hapa ndipo lugha yetu ya Kampala ilipotaka kutuua.

Kiswahili cha kambini hakina muda na herufi ndogondogo. Wewe mwenye shule unasema amefunga, unamaanisha saumu, na unasema amefungwa, unamaanisha jela. Kambini vyote viwili ni "nafunga". Watu wanaelewana kwa kutazamana usoni. Saa sita jirani yangu alimpelekea mumewe chakula uwanjani kwenye mazoezi ya bendi. Huko, katikati ya matarumbeta, akamwona mume wangu, na kwa sababu alinihurumia, na kwa sababu alitaka aje anikaripie ninywe uji, akampigia kelele kutoka ng'ambo ya uwanja:

"Shemeji! Bibi yako nafunga tangu asubuhi! Hapana kula, hapana kunywa, na toto nalia!"

Isome tena, ukijiweka mahali pa mume wangu, mwaka ule, na mke wako ni mtu wa dini iliyopigwa marufuku.

Jirani alirudi kwangu anahema. "Mama toto, shemeji nakimbia!"

"Anakimbia kwenda wapi?"

"Najua mimi? Mimi nasema bibi yako nafunga, yeye naacha kofia chini, nakimbia kama ng'ombe. Mkuu wa bendi naita, yeye hapana geuka."

Nilimwomba arudie maneno yake, neno kwa neno. Alirudia.

Nilijua alikokwenda. Asingekuja nyumbani, maana hukimbilii nyumbani kumtafuta mtu aliyekamatwa. Angekwenda kituo kikubwa cha mjini, ambako alikuwa anawafahamu wachache, kuuliza kama nimeandikishwa pale, kabla sijapelekwa mahali ambako hawaandiki. Na kuuliza ndiko kulikoua watu. Miaka ile aliyekwenda kumwulizia mtu mara nyingi naye aliulizwa. Wangemwuliza: mke wako kafanya nini hata akamatwe? Na mume wangu alijua jambo moja tu nililofanya ambalo mtu angeweza kukamatwa kwa ajili yake. Akilitamka jina la dini yetu kaunta, tungekuwa tumekwisha, sisi watatu, na baba yangu kule mlimani, na yule mwanamke wa vitunguu.

Nikamfunga mtoto mgongoni nikatoka. Jirani alinifuata hadi njiani na bakuli mkononi.

"Kunywa kwanza!"

"Toka!" nikamwambia. Mungu anisamehe. Alikuwa mtu mwema kuliko wote kwenye mstari ule na nilimwambia toka, kama mbwa.

Niliteremka kilima, nikavuka reli. Jua la kabla ya mvua lilikuwa linauma, lile la mwezi wa nne linalokuja na unyevu. Mtoto alilia hadi akachoka, akalala, nami nikaogopa ukimya wake kuliko kilio. Njia nzima nilikuwa nagombana na watu wasiokuwepo. Niligombana na baba: unamshukuru Mungu kwa watoto walioachwa Misri, sawa, na hawa wa hapa? Kwenye mstari wetu peke yake wamama watatu walikuwa wanangoja, kila mmoja kijana wake aliyetoka akasema narudi sasa hivi. Malaika wa kifo alizipita nyumba hizo au aliingia? Niligombana na Mungu kwa maneno ambayo sitayaandika. Niligombana na mume wangu kwa kukimbia, kwani angetembea ningemkuta njiani.

Nilimkuta kaunta. Alikuwa kichwa wazi, shati limelowa jasho, na ameshika klarineti yake mkononi kama rungu. Alikimbia nayo kutoka uwanjani bila kujua. Ng'ambo ya kaunta alisimama sajini mmoja mzee, mnene, nywele zimeingia mvi, kitabu kikubwa cha mahabusu kikiwa wazi mbele yake. Na kwenye benchi alikaa mtu wa shati la maua na viatu vya visigino virefu, miguu ameinyosha, anajichokoa meno. Kila mtu Kampala aliwajua wapelelezi wa mavazi hayo na ofisi yao isiyo na kibao.

Mume wangu aliponiona, mdomo ulibaki wazi.

"Ndiye huyu?" sajini akamwuliza.

"Ndiye, afande."

Sajini akanigeukia. "Mama, wewe ndiye umefungwa?"

"Nifungwe na nani?" nikasema. "Mimi nimefunga!"

Ilichukua muda kumwingia. Kisha alianza kucheka kutoka tumboni, akashika kaunta kwa mikono miwili. "Amefunga! Wewe mpiga filimbi, mke wako amefunga! Nusu saa nasoma majina ya wanawake hapa, nakuuliza kosa lake nini, unaniambia ni mdomo. Ati mke wangu ana mdomo, afande, labda amemtukana mtu. Tukifunga wanawake wenye mdomo, hii jela tutaijenga mpaka Jinja!"

Ndivyo nilivyojua kwamba hakulitamka. Alipoulizwa kosa langu, mume wangu alitafuta kichwani akapata mdomo wangu. Sijawahi kushukuru kwa kusengenywa isipokuwa siku ile.

Mtu wa shati la maua hakucheka. Akatoa kijiti mdomoni. "Amefunga nini?"

"Kwaresima, afande," mume wangu akadakia. "Sisi ni Wakatoliki."

"Nimekuuliza wewe?" Akanitazama mimi. "Mama. Umefunga nini?"

Kusema Kwaresima kulikuwa rahisi. Lakini mimi sikuzijua sala zao, hata moja, na yule angeniuliza moja tu. Na zaidi ya hapo, sikuwa na nguvu ya kumkana mtoto niliyembeba mgongoni. Nikasema kweli, ile sehemu ya kweli iliyoweza kusemwa.

"Namfungia kifungua mimba wangu."

"Kifungua nini?"

"Mtoto wangu wa kwanza. Huyu."

"Anaumwa?" Hapo aliyeuliza ni sajini.

"Haumwi. Yupo. Nashukuru kwamba yupo."

Taipureta ya chumba cha nyuma iliacha kugonga.

"Dini gani hiyo," akasema yule wa benchi polepole, "inayofunga ili kushukuru?"

Nilipaswa kuinamisha kichwa. Lakini nilikuwa na njaa, na kiu, na maziwa yanakauka kifuani. "Ndugu yangu," nikamwambia, "mtu akiwa na mtoto mzima kwenye mji huu, anahitaji dini gani ili ashukuru?"

Mume wangu alifumba macho.

Na hapo sajini alipiga kaunta kwa kiganja, kishindo kilichomwamsha mtoto. "Toka!" akanguruma. "Tokeni hapa wote wawili! Hii ni kliniki ya watoto? Unakuja kituoni na filimbi, mke wako anakuja na mahubiri! Mimi nina kazi! Tokeni!" Akazunguka kaunta, akamshika mume wangu kola, akatusukuma hadi nje kama anafukuza mbuzi shambani. Alitutukana mpaka tukafika mwisho wa baraza. Ndani nilimsikia yule wa shati la maua akicheka, hatimaye.

Nje sauti ya sajini ilibadilika. "Mama," akasema, kwa chini sana, uso bado umekunjwa kwa ajili ya watakaotazama. "Huyu mtu wako, unajua ameniambia nini? Ameniambia, kama tunaye, tumtoe amnyonyeshe mtoto, na yeye aingie badala yake. Alikuwa anavua mkanda tayari, kama mahabusu." Alimtazama mume wangu kama anataka kumpiga. "Mjinga sana."

Sikuweza kumtazama mume wangu. Nilitazama klarineti.

"Sikia," sajini akaendelea. "Hiyo siku yenu. Mnaihesabuje?"

Swali hilo lingeweza kuwa mtego. Polisi aliyetaka kutujua sisi ni nani asingehitaji jingine, maana ukishaijua siku unaweza kwenda kuwahesabu wote wasiokula. Nikamkaza mtoto mgongoni. Akaona naogopa nini.

"Wa kwangu wa kwanza alikuwa fundi wa redio," akasema. "Alitoka kazini. Mimi ni polisi tangu enzi za Mwingereza, na sijui alipo."

Nikakumbuka daftari. Kuna mahali linasema wa kwanza akifa, wako wanaosema mkubwa aliyebaki ndiye afunge. Nikaanza kumwambia, "Kwetu, wa kwanza akiwa amefariki—"

"Sijasema amefariki."

"Hapana. Samahani, mzee." Nilimwita mzee, siyo afande, likatoka lenyewe. "Basi mfungie. Mtoto asipoweza kufunga mwenyewe, baba yake humfungia. Ndiyo desturi, mama anaingia tu baba akishindwa. Ni mwezi wa mvua hizi, mchana wa siku ambayo jioni yake mwezi unajaa. Ni leo."

Alitazama juu, kana kwamba mwezi ungekuwepo saa nane mchana. Kisha akasema kwa sauti kubwa, "Na nisiwaone tena!" akarudi ndani.

Tulitembea hadi kwenye kivuli cha ukuta wa duka lililofungwa. Nikakaa chini, nikamtoa mtoto nikamnyonyesha. Alivuta, akaachia, akalia. Akavuta tena. Hayakuja. Mume wangu alikwenda mahali akarudi na maji kwenye chupa ya soda.

"Kunywa."

"Sinywi. Bado jua."

"Baba yako ameandika ule."

"Barua ya baba yangu inakuhusu nini?"

"Nimeisoma. Imesema wewe ule. Harusi ya mtu mwingine unakwenda na sheria zako?"

Nilimtukana. Nilimwambia alikimbia kama mwehu, kwamba angetuua, kwamba mtu mwenye akili huuliza mara mbili kabla hajakimbia. Nilimwambia mambo hayo kwa sauti kwa sababu kama ningemwambia lile jingine, la mkanda, ningelia, na kulia barabarani kulivuta macho. Alingoja nimalize. Kisha akasema:

"Mimi nimeamka sijala, wala chakula cha mchana sikukiona. Hiyo iliyobaki niachie mimi."

"Iliyobaki nini?"

"Saumu. Mpaka giza. Umemwambia yule mzee baba ndiye humfungia."

"Wewe si mtu wetu. Haikuhusu."

"Mtoto ni wa nani?"

Sijui kama daftari linaruhusu. Mwanamume aliyebatizwa na mapadri, ambaye hajui neno moja la sala zetu, kuipokea saumu katikati ya mchana kutoka kwa mkewe, kama mtu anavyompokea mwenzake ndoo. Baadaye nilimwandikia baba kuhusu hilo, kwa lugha ya harusi, na baba, ambaye ana jibu la kila kitu, alijibu kila kitu isipokuwa hilo. Mwisho wa barua aliongeza tu: "Msalimie sana mkwe."

Nikanywa. Nikanywa chupa nzima pasipo kupumua. Jirani yetu, nilipofika nyumbani, alikuwa amekaa mlangoni pangu na lile bakuli, uji umepashwa upya, na sikusubiri aniambie. Nikala huku amesimama. Maziwa yalirudi jioni, na mtoto akanyonya kwa kisasi chake cha siku zote. Mume wangu alikuwa amerudi uwanjani akapewa adhabu ya kung'arisha vyombo vya shaba vya bendi nzima kwa wiki mbili, kwa kutoroka mazoezini. Aliikubali bila maelezo. Akaingia nyumbani giza limeshashika, midomo imekauka, akaniuliza kama sasa inaruhusiwa. Nikamwambia karibu. Tulikula Pasaka yetu mlango umefungwa: mboga chungu, yai moja moja, na chapati zisizo na hamira nilizozipika haraka mno, ngumu kama soli. Na mimi nilikula yai langu, baba ajue.

Kisha tukangoja. Wiki ya kwanza kila gari lililopunguza mwendo kwenye mstari wetu niliona limenijia mimi. Niliwaza kaunta ile, mtu wa benchi, sajini. Nilimpa mgeni siku yetu. Kama alikuwa na nia mbaya alikuwa na kila alichohitaji. Wiki ya pili, ya tatu. Mvua zikaisha. Mwanangu akaota meno, akasimama kwa kushika kiti. Hakuna aliyekuja.

Mume wangu alimwona sajini mara moja tu, kwenye gwaride, mwishoni mwa mwaka. Mzee alipita mbele ya bendi, akasimama, akauliza kwa ukali wake, "Yule mtoto anatembea?" Mume wangu akajibu, "Anatembea, afande." Akaitikia kwa kichwa akaenda. Hakusema habari ya wa kwake, na mume wangu hakuthubutu kuuliza.

Sasa wale wakubwa wamekimbia, na naweza kuyaandika haya. Bado nina hasira. Hasira yangu haijaisha, wala sioni kwa nini iishe, maana wale wamama watatu wa mstari wetu bado wanangoja. Lakini nikihesabu watu walionibeba siku moja tu, mwenye uji, mwenye klarineti, mwenye kitabu cha mahabusu ambaye hakuandika humo hata herufi, naona nilishiba kuliko nilivyojua.

Mwaka uliofuata mtoto alikuwa ameacha ziwa. Tulifunga wote wawili, mume wangu akamfungia mwanawe, kwa ubishi, kwani alisema aliyeanza kazi ndiye huimaliza. Mimi nilijifungia mwenyewe kama kifungua mimba wa mama yangu. Na nilimfungia fundi wa redio. Jina lake sikuambiwa, kwa hiyo nilisema tu, wa kwanza wa yule mzee.